Mtoto Wangu Anavaa Skii kwa Mara ya Kwanza: Nimwandaeje?

Katika safu ya maswali ya wasomaji toleo hili tumechagua barua tatu zilizotoka Norwei, zote zikihusu watoto wadogo wanaoanza kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye viatu.

SWALI

Dada mhariri, pokea salamu zangu. Sisi ni familia kutoka Uvira, Kivu ya Kusini, na sasa tunaishi Gjøvik. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Chekechea yake imetuma ujumbe kwamba mwezi wa Februari watoto wote watatoka na skii, na kila mzazi amfungashie mwanawe skii, viatu vyake, chakula na kinywaji cha moto. Mimi na baba yake hatujawahi kuvaa skii hata siku moja. Naogopa baridi, naogopa asije akavunjika mguu, na zaidi naogopa kwamba wenzake wote watakuwa wanajua, naye peke yake abaki chini analia. Nimefikiria siku hiyo akae nyumbani. Wakati huohuo yeye mwenyewe amerudi na hadithi ya mtoto wa mfalme aliyebebwa na watu wa skii, na kila jioni anataka abebwe hivyo. Nifanyeje?

Mama wa mvulana, Gjøvik

JIBU

Mama, naomba usimwache nyumbani siku hiyo. Nalitanguliza hili kwa sababu naona wazo hilo limeanza kukuelemea, na naamini kwamba mtoto anayezuiwa mwaka huu kwa kuhofia aibu atapata taabu zaidi mwaka ujao, wenzake watakapokuwa wamemtangulia kwa msimu mzima. Kwa umri wake, wengi kati ya watoto atakaofuatana nao ni wanagenzi kama yeye. Watakuwepo wachache ambao wazazi wao huwapeleka msituni kila Jumapili ya majira ya baridi, lakini siku ya skii ya chekechea si mashindano. Watoto hutembea kidogo, huanguka, huinuliwa, huketi kula mikate yao, na sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kuteleza kwa makalio kutoka juu ya kilima kidogo, skii zikiwa zimewekwa kando.

Kwanza muulize mwalimu ni skii za aina gani zinazotakiwa, kwa kuwa hofu yako ya mguu kuvunjika inategemea jibu hilo. Zipo skii za kutembelea, nyembamba na nyepesi, ambazo kiatu hushikwa kwenye ncha ya mbele tu na kisigino kinabaki huru kuinuka. Hizo ni za ardhi tambarare na vilima vifupi, na chekechea inaposema skii, kwa kawaida inazungumzia hizo. Nyingine ni skii za mteremko, zenye kiatu kigumu kinachofungwa mbele na nyuma, ambazo hutumika kwenye milima yenye lifti, yaani mitambo ya kuwapandisha watu juu. Mtoto wa miaka minne aliyevaa skii za kutembelea kwenye uwanja tambarare huenda kwa mwendo wa kutembea, na akianguka, anaanguka kutoka kimo kidogo sana, juu ya theluji, akiwa ndani ya nguo nene. Siwezi kukuahidi kwamba hataumia kamwe. Hata hivyo, kinachovunja mifupa kwa kawaida ni kasi, barafu ngumu na mteremko ambao mtoto hajaumudu, nawe huna sababu ya kumpeleka huko msimu huu.

Kuhusu gharama, usikimbilie dukani. Manispaa nyingi za Norwei zina vituo vya BUA, ambavyo huazimisha vifaa vya michezo na vya matembezi bila malipo, zikiwemo skii za watoto pamoja na viatu vyake. Nenda mapema, kabla theluji ya kwanza haijawakumbusha wazazi wengine wote, na mchukue mtoto mwenyewe ajaribishe. Kila majira ya vuli pia huwa na masoko ya vifaa vilivyotumika, ambako skii za mtoto aliyekua huuzwa kwa bei ndogo. Chagua skii zenye urefu sawa na wa mtoto au zinazomzidi kidogo tu. Ukimpa ndefu ili zimfae miaka mitatu, hataweza kuzigeuza. Ziwe za aina isiyohitaji kupakwa nta, yaani zenye magamba au vipande vya manyoya mafupi chini yake, ambavyo huzizuia zisirudi nyuma anapokanyaga. Kiatu ndicho usichopaswa kukubaliana nacho kikiwa kibaya: kikibana, mguu utapata baridi, kikiwa kikubwa mno, skii haitamtii. Fimbo usimpe kwa sasa. Mtoto mwenye fimbo huziegemea badala ya kutafuta mizani ya mwili wake, na akianguka humwingia miguuni.

Sasa nguo, na hapa ndipo ningependa uwe mkali kuliko mwalimu yeyote. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu, kuanzia fulana ya mikono mirefu hadi suruali ya ndani na soksi. Pamba hunyonya jasho na kukaa na unyevu, na mtoto aliyelowa chini ya koti zuri atatetemeka mara tu atakaposimama. Juu ya sufu hiyo weka sufu nyingine au nguo nyepesi ya joto, kisha vazi la nje linalozuia upepo na maji. Wazazi wengi tuliotoka nchi za joto tunamvika mtoto soksi jozi mbili tukidhani tunamsaidia, ilhali soksi ya pili hubana mguu ndani ya kiatu, damu haipiti vizuri, na vidole hupoa haraka. Soksi moja ya sufu yatosha. Mikononi avae glavu zisizotenganisha vidole, na umfungashie jozi ya pili, kwa sababu ya kwanza italowa. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, usimshike mikono. Ingiza kidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa pa joto na pakavu, yuko salama. Pakiwa na jasho, umemvika kupita kiasi.

Lipo jambo moja ambalo vipeperushi vingi havitaji. Baridi kali ikiunguza ngozi, kwenye shavu jeupe hutokea baka jeupe zaidi ambalo kila mtu huliona. Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huwa la kijivu au limepauka kidogo tu, na mtu asiyezoea anaweza kulipita. Mweleze mwalimu jambo hili bila kuona haya. Siku zenye upepo aguse mashavu, pua na masikio ya mtoto, na akikuta sehemu iliyopoa na kuwa ngumu, aifunike kwa kiganja chenye joto na kumwingiza ndani. Asiisugue, na wala asiipake theluji kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Uliza pia chekechea ina kiwango gani cha baridi ambacho watoto hawatoki. Nyingi zimejiwekea kiwango hicho, na hupunguza muda wa kukaa nje kunapokuwa na upepo.

Siku chache kabla, mfundishe nyumbani. Mvalishe viatu vya skii atembee navyo sebuleni, azoee jinsi vinavyokataa kukunjika kama raba. Muwekee skii juu ya zulia, azivae na kuzivua mwenyewe, kisha mcheze mchezo wa kuanguka: alale chali, anyanyue miguu yote miwili juu ili skii zilizopishana ziachane, ageukie upande mmoja, apige magoti, ndipo asimame. Mtoto anayejua kuinuka peke yake haogopi kuanguka, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ya msimu wa kwanza. Mengine yatakuja.

Kisha mtoke naye, wewe na baba yake, kwenye kiwanja tambarare chenye theluji iliyokanyagwa, kabla ya siku ya chekechea. Avae skii mguu mmoja tu, mguu mwingine ukisukuma chini, ahisi ile hali ya kuteleza huku bado ana mguu wa kumtegemea. Abadilishe mguu. Akishacheka, avae zote mbili na atembee, hatua fupifupi, bila kumhimiza ateleze. Watoto wa kwenu Uvira hawaanzi kuogelea kwa kutupwa kwenye kina cha Ziwa Tanganyika. Huanza kwa kuchezea maji ya ukingoni hadi mwili wenyewe unajua, na theluji nayo yataka hivyo hivyo. Mrushie mpira aufuate. Tupa glavu zake za akiba huku na kule azikusanye. Mwambie atembee kiubavu kama kaa, kwa kuwa ndivyo atakavyopanda kilima. Kilima chenyewe kiwe kifupi na chini yake pawe na uwanja mpana, ili skii zisimame zenyewe bila yeye kujua kufunga breki, nawe usimame chini unamngojea, usisimame juu unamsukuma. Mkumbushe kukunja magoti kidogo na kuweka mikono mbele. Mtoto anayeogopa hujirudisha nyuma, na akijirudisha nyuma, skii humkimbia.

Nusu saa inatosha kwa mara ya kwanza. Rudini nyumbani wakati bado anataka kuendelea, hata kama yeye analalamika na wewe unaona ndiyo kwanza ameanza kuelewa, kwa sababu hamu hiyo ndiyo itakayomtoa nje mara ya pili. Kakao ya moto na chungwa katikati ya mazoezi vina nguvu kuliko maelezo.

Kuhusu mtoto wa mfalme, mwanao amekuletea historia ya karibu na hapo mnapoishi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1206, Norwei ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wa kundi la Birkebeiner walimvusha milimani kwa skii mtoto Haakon Haakonsson, aliyekuwa na umri wa takriban miaka miwili, wakitoka Lillehammer kuelekea Østerdalen, ili asitiwe mikononi mwa mahasimu. Mwaka 1217 mtoto huyo akawa mfalme. Hadi leo washiriki wa mbio za Birkebeinerrennet, zilizoanza mwaka 1932 kati ya Rena na Lillehammer, hubeba mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5 kwa kumbukumbu ya mtoto yule. Mbebe mgongoni sebuleni mara moja kila jioni, Mama, na umwambie kwamba waliombeba nao walianza kwa kujifunza kusimama.

Wewe nawe azima skii za kutembelea. Philip Boit, Mkenya mkimbiaji, alianza kujifunza skii akiwa mtu mzima nchini Finland, na mwaka 1998 akashiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa amekwisha kushinda dhahabu, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Wanorwei wa makamo wanaikumbuka sana siku ile, na ukiwatajia jina la Boit huenda ukapata wa kukufundisha bure. Mtoto wako hahitaji mama anayejua. Anahitaji kuona kwamba mama naye huanguka akainuka, na kwamba hakuna anayemcheka.

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi ni baba wa binti wa miaka sita, tuko Oslo, na asili yetu ni Zanzibar. Wazazi wa rafiki yake wamemwalika kwenda nao kwenye skii za mteremko zenye lifti wakati wa likizo ya Februari. Mama yake amemsuka kwa shanga nyingi, na binti mwenyewe anapenda kuvaa hijabu kama mama. Je, helmeti itamkaa? Na ni salama aanzie huko mlimani, kabla hajajua zile za kutembelea?

Baba wa Oslo

JIBU

Marahaba, Baba. Mtoto anaweza kuanzia kwenye mteremko bila kupitia skii za kutembelea, maadamu siku ya kwanza haanzi na rafiki yake bali na mwalimu. Rafiki anayejua atataka kupanda juu, na binti yako atamfuata kwa sababu ya urafiki. Viwanja vya skii vina madarasa ya watoto wanaoanza, kwenye eneo lililotengwa lenye mteremko mdogo na mkanda unaotembea chini ya miguu unaowapandisha taratibu. Hapo atafundishwa plogi, yaani kukusanya ncha za mbele za skii na kutanua za nyuma ili kupunguza mwendo na kusimama. Waombe wale wenyeji wake kwa adabu lakini kwa uwazi: asipandishwe lifti ya viti mpaka aweze kusimama mahali alipokusudia, na akiipanda, akae na mtu mzima.

Shanga zitoke. Helmeti hufanya kazi pale tu inapolala juu ya kichwa pasipo kitu kigumu katikati, na shanga, vibanio na fundo la nywele huinyanyua na kuielekeza nguvu ya pigo mahali pamoja. Mama amsuke mistari iliyolala kichwani, ncha zikishuka kwenye kisogo, kisha mkajaribishe helmeti akiwa na msuko huohuo atakaosafiri nao. Ikae sawa juu kidogo ya nyusi, isicheze anapotikisa kichwa hata kabla ya kufunga mkanda wa kidevu. Hijabu haina tatizo ikiwa ni ya kitambaa chembamba kinachobana, kisicho na pini wala ncha zinazoning'inia. Kofia nyembamba ya sufu inayofunika kichwa, masikio na shingo hufanya kazi hiyohiyo na humpa joto zaidi. Kitambaa kirefu au skafu yoyote inayopepea isifike kwenye lifti, kwa kuwa inaweza kunaswa. Hili nalisema kwa watoto wote.

Skii za mteremko ziwe fupi, zimfikie kati ya kifua na kidevu. Vifungio vyake hupangwa viachie mguu anapoanguka vibaya, na hupangwa kwa kufuata uzito wa mtoto, kimo chake na urefu wa soli ya kiatu. Kwa hiyo mhudumu wa duka la kukodisha avipange akiwa na binti mbele yake. Usikubali vilivyopangiwa dada wa rafiki yake mwaka jana. Viwanja vingi vya Norwei haviwatozi ada ya lifti watoto walio chini ya miaka saba waliovaa helmeti, hivyo uliza kabla ya kulipa. Na hata kama ni Februari, mpake mafuta ya kukinga jua usoni na umpe miwani ya theluji. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na macho huumia kabla ya ngozi, hata ya kwetu.

Mwonyesheni pia picha za Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya akakulia Austria, na aliyeshindana kwenye skii za mteremko kwa bendera ya Kenya katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Watoto wetu huko mlimani mara nyingi huwa peke yao wenye sura yao, na ni vizuri aende akijua kwamba yupo aliyetangulia.

SWALI

Dada, binti yangu wa miaka mitano alitoka na baba yake wiki iliyopita hapa Trondheim kwa mara ya kwanza. Walienda mbali, akachoka, akaanguka kwenye mteremko wenye barafu, na baba akamvuta kwa kamba hadi kwenye gari huku analia. Hakuumia. Sasa ukimwonyesha skii anajificha chini ya meza. Baba yake anasema alazimishwe, asije akawa mwoga.

Mama wa Trondheim

JIBU

Asilazimishwe. Namheshimu shemeji yangu, na naona kwamba anachotaka ni binti yake awe na wenzake. Lakini woga alio nao mtoto huyu una sababu anayoweza kuitaja, na ukimlazimisha utaongeza sababu ya pili, ambayo ni nyinyi. Baba ndiye anayefaa kulirekebisha, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Amwambie binti kwamba siku ile njia ilikuwa ndefu na barafu ilikuwa ngumu, na kwamba kosa halikuwa lake. Maneno machache, mara moja, bila hotuba.

Kwa wiki moja au mbili skii zikae mahali zinapoonekana lakini zisizungumzwe. Mtoke na sleji, kile chombo cha kukalia na kuteleza thelujini, mjenge mtu wa theluji, mtelezeshe makalio kwenye kilima kidogo. Baba avae skii zake mwenyewe kwenye kiwanja hichohicho na azunguke karibu na mnapochezea, bila kumwita. Mtoto wa umri huo hawezi kwa muda mrefu kumtazama mtu akicheza bila kutaka kujua. Akisogea, avae mguu mmoja. Akitaka kuvua baada ya dakika tano, avue. Chagueni siku ambayo theluji mpya imeanguka, kwa sababu ni laini na hupunguza mwendo, na siyo siku ambayo mvua imenyesha ikaganda usiku. Mtoto mwenzake mmoja anayeanza pia atasaidia kuliko mtu mzima yeyote, kwa hiyo mwalikeni jirani.

Kamba ile iacheni garini. Mtoto anayevutwa hujifunza kuegemea nyuma na kungoja, nayo ni tabia ngumu kuiondoa baadaye. Ikifika mwisho wa Machi na bado hataki, rudisheni skii mlikoziazima, mwandikisheni kwa mwalimu wa darasa la watoto wanaoanza Januari ijayo, na mpimeni viatu upya wakati huo, maana mguu wa miaka sita hautaingia kwenye kiatu cha mwaka huu.